GPA ya 3.4, na Bado Msaada wa Masomo Ukakatwa

Januari 2025 chuo ninachosoma hapa Houston, Texas, kilinisimamishia msaada wa fedha za masomo. GPA yangu, yaani wastani wa alama, ilikuwa 3.4 kati ya 4. Sikuwa na F hata moja, sikuwa nadaiwa ada, na hakuna mwalimu aliyewahi kunilalamikia. Tangu hapo nimekuwa nikimweleza mtu mmoja mmoja, kanisani, kazini, kwenye makundi ya WhatsApp, na kila mara nakutana na mwenzangu ambaye yuko njiani kuelekea kule kule nilikopita. Ndiyo maana naandika yote pamoja na hesabu zake, hasa kwa wenzangu wanaosoma vyuo vya miaka miwili huku wakibeba boksi, yaani kazi za kuajiriwa za kutumia nguvu, usiku.

Nilitoka Morogoro kwa grini kadi ya bahati nasibu ya viza. Nikafanya kozi fupi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, nikapata kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na Agosti 2023 nikaanza masomo ya kuniandaa kuingia uuguzi. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuomba msaada wa serikali kuu ya Marekani kama raia, kwa hiyo nilijaza FAFSA, fomu ya kuombea msaada huo, nikapata ruzuku ya Pell. Pell si mkopo, hairudishwi, na kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Kwa chuo cha ada nafuu kama changu, ilitosha ada na vitabu, na kilichobaki kilinisaidia nauli na chakula.

Sisi tuliosoma vyuo vya nyumbani tuna mambo mawili kichwani: kufaulu na kufeli. Ukifeli somo unasapu, yaani unarudia mtihani, ukizidisha unadisko, yaani unaondolewa chuoni, na ukidisko bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, nalo linakatika. Ukifaulu, uko salama. Huku kuna jambo la tatu, na hilo ndilo lililonikamata.

Sheria ya serikali kuu inakitaka kila chuo kipime kile kinachoitwa SAP, yaani maendeleo ya masomo yanayoridhisha. Kila chuo kina sera yake, lakini vipimo ni vitatu. Cha kwanza ni GPA, na vyuo vingi vinataka angalau 2.0. Cha pili ni kasi: kati ya krediti (vizio vya kupimia uzito wa somo) zote ulizojisajili tangu siku ya kwanza, umemaliza asilimia ngapi? Vyuo vingi vinataka 67. Cha tatu ni dari: usizidi asilimia 150 ya krediti za programu yako. Programu ya krediti 60 ina dari ya krediti 90. Ile 67 inatokana na hiyo 150, kwa sababu anayemaliza theluthi mbili ya anachojisajili ndiye anayeweza kuhitimu kabla ya kugonga dari. Kipimo hiki kinashika Pell, mikopo ya serikali kuu, na hata zile kazi za chuoni zinazolipwa na serikali.

Sasa kuna herufi W. Inaandikwa kwenye matokeo ukijitoa kwenye somo baada ya muda wa kubadili ratiba kupita. Kwenye GPA, W haihesabiki kabisa. Kwenye kasi, W inahesabika sawa na F: umejisajili, hukumaliza.

Muhula wa kwanza nilijisajili krediti 12. Kazini wakabadilisha shifti, ikagongana na aljebra, nikajitoa. Nikamaliza 9 kati ya 12, asilimia 75. Hakuna aliyenigusa.

Muhula wa pili, mapema 2024, Mzee, yaani baba yangu, alianza kusafishwa damu Dar es Salaam baada ya figo kushindwa. Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa figo anajua: mara tatu kwa wiki, na hakuna kuruka. Mimi ndiye niliyekuwa Marekani, kwa hiyo simu zote zilikuja kwangu. Nikaanza kupiga dabo, yaani shifti mbili mfululizo, natoka kazini saa moja asubuhi naingia maabara ya kemia saa tatu. Nilikuwa na krediti 14: anatomia 4, kemia 4, Kiingereza 3, saikolojia 3. Kufikia Machi, mtihani wa anatomia nilipata alama ambayo sijawahi kupata tangu shule ya msingi.

Nikaenda kwa mshauri wa masomo. Alinisikiliza vizuri, akafungua matokeo yangu, akaniambia nichukue W kwenye masomo yote mawili ya sayansi nilinde GPA. Na kwa upande wake alikuwa sahihi. Nafasi za uuguzi watu wanazigombania kwa GPA, na C mbili za sayansi zingeniumiza. Lakini ofisi yake na ofisi ya msaada wa masomo ni jengo tofauti, kazi tofauti, kompyuta zinaonyesha mambo tofauti. Yeye alitazama wastani. Hakuna aliyetazama kasi. Nikamaliza krediti 6 kati ya 14. Jumla yangu ikawa 15 kati ya 26, asilimia 57.7.

Ndugu yangu, kama kuna jambo moja la kushika hapa ni hili: kabla ya kujitoa kwenye somo lolote, pita ofisi zote mbili. Waulize wa masomo, “Hii itafanya nini kwenye GPA na kwenye programu yangu?” Kisha waulize wa msaada, “Hii itafanya nini kwenye kasi yangu na kwenye fedha za muhula huu?” Usikubali jibu la ofisi moja kwa niaba ya nyingine.

Mei ilikuja barua pepe ya onyo. Vyuo vinavyopima kila muhula vinaruhusiwa kumpa mwanafunzi onyo la muhula mmoja, na katika muhula huo fedha zinaendelea kuingia kama kawaida. Hapo ndipo onyo linapodanganya macho. Agosti Pell ikaingia, akaunti ya ada ikasomeka deni sifuri, nikaona mambo yametulia. Barua ilisema niko chini ya kiwango, haikusema nahitaji krediti ngapi ili kupanda. Hesabu yenyewe ni ya dakika mbili. Kama muhula ule ningejisajili krediti 9 tu na kufaulu zote, ningekuwa na 24 kati ya 35, asilimia 68.6, na yote yangeishia hapo. Badala yake nilijisajili 13 ili nifidie nilichopoteza. Watu wengi wanafanya hivyo, na ni kinyume cha kinachotakiwa. Kasi ikiwa chini, jisajili kidogo na umalize chote.

Oktoba Mzee alifariki. Nilisafiri kumzika, nikakaa hadi arobaini ikawa karibu, nikarudi. Historia, siasa na ile kozi ya kuzungumza mbele ya watu zilikuwa za mtandaoni, nikazimaliza nikiwa Morogoro, usiku, kwa bando la simu, wakati nyumba imejaa wageni. Maabara ya anatomia haisomwi kwa simu. Ikawa W tena. Nikamaliza 9 kati ya 13. Jumla: 24 kati ya 39.

Barua ya kusimamishwa nilipoipata niliamini wamekosea. Nilikwenda ofisi ya msaada nikiwa nimechapisha matokeo yangu, tayari kubishana. Mama mmoja wa makamo alinipokea, akasoma, akanipa pole ya msiba kwanza. Halafu akachukua penseli, akageuza karatasi yangu upande usioandikwa. Akaandika 39, akachora mstari, juu yake akaandika 24. Pembeni akaandika 61.5. Chini yake akaandika 67, akaizungushia duara. Akaniambia, “GPA yako hakuna anayeilalamikia hapa.” Kisha akaanza kupitia W moja moja kwa ncha ya penseli, kila moja akiniuliza ilikuwaje. Tulipofika ya nne nilikuwa nalia. Alinisogezea boksi la tishu na fomu ya rufaa kwa wakati mmoja. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Nizungumzie rufaa kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopoteza kitu ambacho wangeweza kukipata.

Sheria inaruhusu chuo kupokea rufaa kwa sababu kama kifo cha ndugu, kuumia, ugonjwa, au hali nyingine ya pekee. Barua ya rufaa lazima ijibu maswali mawili: kwa nini hukufikia kiwango, na nini kimebadilika sasa kitakachokuwezesha kukifikia. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa nyingi za maumivu. Niliandika kuhusu Mzee, figo, dabo, msiba, ndege. Kabla sijaituma nikampa dada mmoja Mkenya tunayesali naye, ambaye amefanya kazi maktaba ya chuo kwa muda mrefu. Akaisoma yote, akanyamaza, kisha akasema, “Pole sana, mdogo wangu. Sasa niambie, ukirudi darasani wiki ijayo, kuna tofauti gani na mwaka jana?” Nilitaka kumjibu kwamba nitajitahidi. Akasema kujitahidi hakuandikwi.

Tukakaa chini tukaiandika upya. Sehemu ya msiba ikawa aya moja, yenye tarehe. Sehemu ya mabadiliko ikawa ndiyo barua yenyewe. Nilihamia shifti za wikiendi, na meneja wangu akaniandikia barua kuthibitisha. Nilipunguza krediti hadi 8, anatomia na kemia peke yake. Nilijiandikisha kituo cha chuo cha kusaidia wanafunzi masomo ya sayansi, nikaambatanisha uthibitisho. Gharama za matibabu zilizokuwa zinanilazimisha dabo zilikuwa zimekwisha pamoja na Mzee, na hili lilikuwa gumu kuliandika kuliko yote, kwa sababu ni kweli na linauma.

Kuhusu vielelezo: kila unachodai, kiwe na karatasi iliyotoka kwa mtu mwingine. Nyumbani sisi tukishazika tumezika, cheti cha kifo tunakikumbuka mirathi inapoanza. Ilibidi kaka yangu afuatilie cheti cha RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wakati mimi nahesabu siku za mwisho wa rufaa. Karatasi nyingine za hospitali zilikuwa na maandishi ya Kiswahili, nikahitaji tafsiri. Tiketi ya ndege nilikuwa nayo kwenye barua pepe. Kwa hiyo, ukipatwa na jambo nyumbani, hata kama hujafikiria rufaa, piga picha kila karatasi kabla hujapanda ndege ya kurudi: cheti, barua ya hospitali, kibali cha mazishi, muhuri kwenye pasipoti.

Rufaa haizuii tarehe ya kulipa ada. Hilo sikuambiwa na mtu, nililiona kwenye akaunti. Muhula unaanza katikati ya Januari, rufaa inasubiri kikao, na asiyelipa anaondolewa darasani. Nilijiunga na mpango wa kulipa kwa awamu ili nishike nafasi. Ada ya krediti 8 ilikuwa karibu dola 700, mbali na vitabu. Nilimwomba kijumbe wa mchezo wetu wa kuchangiana fedha kwa zamu anisogeze mbele, na mama mmoja wa Tanga ambaye zamu ilikuwa yake akanipisha bila kuuliza maswali. Mungu ambariki. Kama huna mchezo wala akiba, waulize chuo kama wana mfuko wa dharura kwa wanafunzi. Vyuo vingi wanao, na waombaji huwa si wengi kama unavyodhani.

Rufaa ilikubaliwa baada ya wiki kadhaa za kuamka na kufungua barua pepe kabla ya kupiga mswaki. Jibu lilikuja na masharti: muhula mmoja wa majaribio, mpango wa masomo uliosainiwa na mshauri, nisijitoe kwenye somo lolote, nisipate chini ya C. Pell ikarudi, lakini si kamili. Tangu mwaka wa masomo wa 2024–25 Pell inakatwa kulingana na krediti, kwa hiyo mwenye 8 anapata theluthi mbili ya mwenye 12. Nilipata A ya anatomia na B ya kemia. Jumla ikawa 32 kati ya 47, asilimia 68.1.

Kuna mambo mengine niliyojifunza nikiwa kwenye viti vya ile ofisi, kwa kuuliza na kwa kusikia ya wenzangu.

Kujitoa somo moja ni tofauti na kuacha muhula mzima. Kijana mmoja wa Kikongo tunayefanya naye kazi aliacha masomo yote mwezi wa pili wa muhula baada ya kupata ajali ya gari. Ukiacha yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya fedha uliyokuwa hujaistahili inarudishwa serikalini, na chuo kinaweza kukudai wewe pengo la ada linalobaki. Akajikuta na deni chuoni na kasi iliyoporomoka kwa wakati mmoja. Kama lazima uache, ulizia tarehe ya asilimia 60 kwanza. Wakati mwingine kusubiri siku chache kunaokoa mamia ya dola.

Kwa Texas, siku ya 12 ya masomo katika muhula mrefu ni siku ya hesabu. Ukiliacha somo kabla ya hapo, halionekani kwenye matokeo na halihesabiki kwenye kasi, ila fedha zako zinapangwa upya kwa krediti zilizobaki. Baada ya hapo ni W. Na vyuo vya umma vya jimbo hili vina sheria nyingine: mwanafunzi aliyeanza tangu 2007 haruhusiwi kujitoa zaidi ya masomo sita katika shahada yake ya kwanza. Kuna msamaha kwa ugonjwa mzito na msiba, lakini lazima uuombe, hauji wenyewe.

Walioanza na madarasa ya Kiingereza kwa wageni, kama wengi wa ndugu zetu waliotoka kambi za Nyarugusu na Kakuma: sheria inaruhusu chuo kutoyahesabu madarasa hayo kwenye kasi. Inaruhusu, hailazimishi. Ulizeni sera ya chuo chenu inasemaje.

Alama ya “haijakamilika” nayo inakuhesabia krediti ulizojisajili bila kukuhesabia ulizomaliza. Mwalimu akishakuwekea alama halisi, nenda ofisi ya msaada uombe wakupigie hesabu upya.

D inatusumbua sana sisi wa uuguzi. Programu zinataka C au zaidi, kwa hiyo D inabidi urudie. Kwa fedha za serikali kuu, D ni somo ulilofaulu, na somo ulilofaulu linalipiwa kurudiwa mara moja tu. Ukirudia, krediti zinahesabiwa tena kwenye ulizojisajili. Na kama chuo kina utaratibu wa kufuta alama za zamani kwenye GPA, ujue kwamba kwenye SAP masomo yale bado yanahesabiwa.

Pell yenyewe ina kikomo cha maisha: asilimia 600, sawa na mihula 12 ya masomo kamili. Muhula uliotumia Pell kisha ukachukua W umekula sehemu ya hiyo 600. Kiasi ulichotumia unakiona kwenye akaunti yako ya studentaid.gov. Wanaotaka kuendelea hadi shahada waitazame mapema.

Wanafunzi wa viza ya F-1, yaani viza ya masomo, hawahusiki na Pell, ila kwao kubaki na angalau krediti 12 kwa muhula ni sharti la viza. Mwanafunzi wa viza asijitoe kwenye somo kabla ya kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, hata kama mwalimu mwenyewe ndiye amemshauri.

Mimi sasa naomba nafasi ya uuguzi. Hesabu zangu naziweka kwenye daftari dogo: krediti nilizojisajili upande mmoja, nilizomaliza upande wa pili, na asilimia chini. Kila muhula kabla ya kujisajili naandika jibu la swali moja: nikifeli au nikijitoa somo moja kati ya haya, nitabaki juu ya 67? Jibu likiwa hapana, napunguza somo.

Na wewe ambaye barua ya kusimamishwa iko mkononi leo, nenda ofisini kesho asubuhi. Usiwatumie barua pepe ya malalamiko. Swali lako la kwanza liwe tarehe ya mwisho ya rufaa ya muhula huu, la pili liwe tarehe ya mwisho ya kulipa ada, kwa sababu tarehe ya ada inaweza kutangulia majibu ya rufaa. Uombe fomu, na uombe wakuandikie kwenye karatasi krediti zako ulizojisajili na ulizomaliza. Ndipo uanze kuandika barua, ukianza na lile swali la rufaa: nini kimebadilika sasa?